Mafuta Yanayokunywa Maji

Edgar alikuwa na gari la milango miwili ambalo likipita Lushoto mjini watu wanaacha kupimiana nyanya. Jekundu, limelala chini kama mjusi, na hilo ndo jina walilolipa: Mjusi. Alilinunua jipya. Si lile jipya la kusema limeshuka bandarini na jasho la Mjapani kwenye usukani, hapana, jipya la kukuta nailoni kwenye viti. Na nailoni yenyewe hakuitoa. Mwaka wa tatu unaisha, bado ipo, ukikaa na kaptula unainuka na ngozi imenata. Kilometa elfu sita tu. Maisha yake Mjusi aliishi chini ya turubai uani, anakula ukungu unaoshuka kutoka Magamba, anatoka Jumapili kwenda kanisani, na siku moja moja anateremshwa Mombo ili aonekane.

Sasa Edgar kazi yake ilikuwa udalali wa mboga. Karoti, hoho, kabichi, njegere, anafuata mpaka mabondeni huko Mlalo. Na madalali si unawajua: gunia linajazwa, linajaa, linaongezwa, linaota kichwa, linashonewa kofia juu, hiyo ndo lumbesa, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Miaka ishirini amekula kwa njia hiyo. Kwa hiyo watu wote duniani aliwatazama kama wanavyotazamwa madalali. Akinunua soda anakagua kizibo kwanza. Akipewa chenji anahesabu kwa mbele, halafu anahesabu kwa nyuma. Kanisani kapu la sadaka likipita, macho yake yanalisindikiza mpaka madhabahuni.

Basi siku moja kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, picha ya spana. Akapiga simu Dar kwa wale waliomuuzia.

"Ni sevisi tu, mzee," wakamwambia. "Milioni moja na laki nne. Ulilete."

"Milioni na laki nne mnanibadilishia nini, injini?"

"Vimiminika vya kawaida, mzee, na filta."

Vimiminika. Neno lenyewe lilimtia wasiwasi. Mtu anayekuuzia mafuta kwa jina la shuleni ameshakuona mshamba. Akakata simu, akaenda kwa mafundi wa mjini. Wakalizunguka gari, wakachungulia, wakajikuna.

"Mgosi, hili mimi siligusi," mmoja akamwambia. "Nikikata waya mmoja nauza shamba. Nenda kwa Zuhura."

Zuhura alikuwa na gereji chini ya mikaratusi, njia ya kupandia Magamba. Binti wa miaka ishirini na saba hivi, amesomea ufundi Tanga, amefanya kazi Dar miaka sita kwenye magari ya aina hiyo hiyo, amerudi nyumbani na masanduku mawili ya spana. Kwenye ufundi wake hakuna aliyekuwa na neno. Tatizo la Edgar lilikuwa baba yake. Zuhura alikuwa mtoto wa mzee Sharifu, yule mkulima wa karoti, na karoti za mzee Sharifu zilipanda lori la Edgar misimu tisa, misimu yote tisa lumbesa. Msimu wa mwisho mzee alisimama pembeni ya lori, akayatazama yale magunia yenye vichwa, akasema taratibu, "Mungu anaona, Edgar," akaondoka zake. Edgar angependa zaidi atukanwe.

Sasa umpelekee mtoto wa mtu huyo gari la mamilioni, alale chini yake na spana?

Lakini hakuwa na ujanja. Ijumaa asubuhi ilikuwa lazima amteremshe mama yake, Bi Dorkasi, Korogwe kwa daktari wa macho. Jicho la kulia lilishafungwa na mtoto wa jicho, la kushoto linafuata, na nafasi ile walikuwa wameisubiri miezi minne. Ukiikosa, unarudi mwisho wa foleni. Na bibi alishawatangazia jirani wote kwamba anakwenda na Mjusi.

Kwa hiyo Jumatano mchana Edgar akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akatandika gunia, akaingia chini ya gari. Happiness akatoka jikoni akakuta miguu tu imechomoza.

"Baba Glory, unalipaka gari kucha?"

"Naweka alama."

"Ya nini?"

"Kila nati nimeipaka kidogo. Mtu akiifungua, rangi inapasuka. Akinidanganya kafungua, nitajua. Akifungua nisichomtuma, nitajua."

Happiness akamwangalia, akaiangalia chupa. "Hiyo ilikuwa ya harusi ya Jumamosi," akasema, akarudi jikoni.

*

Alhamisi akafika gereji na stuli yake kutoka nyumbani. Akaiweka hatua mbili toka kwenye gari, akakaa, mikono magotini.

"Shikamoo, baba Glory."

"Marahaba. Endelea tu, mimi nipo."

Pembeni alikuwepo Issa, kijana wa bodaboda, anasubiri tairi lake lizibwe. Zuhura akainua gari, akaingia, akafungua oil ikamwagika kwenye beseni. Edgar akainama.

"Mbona nyeusi? Niliuziwa ikiwa rangi ya asali."

"Oil ikifanya kazi inachafuka. Ikitoka rangi ya asali ndo uulize."

"Hiyo oil chafu naondoka nayo."

"Chukua, baba. Ni yako."

Akampa galoni. Issa akaangalia pembeni asionekane anacheka. Zuhura akaweka filta mpya, akamimina oil mpya, lita tano, kila chupa Edgar anaishika kwanza, anapima kizibo, anasoma tarehe. Vyote salama. Kitu kikienda salama sana Edgar hakipendi.

Kisha Zuhura akafungua upande wa rejeta. Hapo Edgar akajiweka sawa, maana hotuba alikuwa nayo tayari. Milima hii maji yanatoka kwenye mawe yenyewe, hayana mwenyewe, halafu mtu aje amuuzie maji ya rejeta ya rangi ya kijani kwa elfu themanini? Alishapanga mpaka pa kupandishia sauti.

"Kulanti iko sawa," Zuhura akasema. "Usinunue. Ina miaka miwili mingine mbele."

Hotuba ikamfia mdomoni.

"Na mafuta ya gia boksi bado. Na ya difu bado. Usikubali mtu akubadilishie sasa hivi."

Ndo Edgar alipoanza kuogopa kweli kweli. Mtindo huo aliujua, ulikuwa wa kwake. Ukifika kwa mkulima mpya, gunia la kwanza unalipa vizuri, la pili unalipa vizuri, unamuulizia na watoto. La tatu ndo unalishonea kofia. Mtu anayekataa hela yako mara mbili anachimba shimo. Akakaza macho, akangoja la tatu.

Likaja. Zuhura akafungua kikopo kidogo cha breki pale mbele, akachovya kitu kama kalamu yenye vitaa. Vikawaka, kijani, njano, mpaka chekundu.

"Haya sasa lazima yatoke," akasema. "Mafuta ya breki yamekunywa maji."

Edgar akacheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyekuwa anangoja nyoka na nyoka katoka.

"Yamekunywa nini?"

"Maji. Yamekaa miaka mitatu kwenye ukungu. Haya huwa yanavuta unyevu, hata kama gari halitembei. Hayaangalii kilometa, yanaangalia miaka."

"Binti, mimi nimeishia darasa la saba, lakini mafuta na maji hayachanganyiki. Hilo hata mtoto anayetumwa kuosha sufuria analijua. Sasa yangu mimi ndo yanakunywa?"

"Ya breki ni tofauti, baba."

"Yanaitwaje?"

"Mafuta ya breki."

"Umesikia mwenyewe. Mafuta."

Zuhura akachukua kopo jipya, akavunja mfuniko mbele yake, akachovya ile kalamu. Kikawaka cha kijani tu. "Ona."

"Naona. Kopo lako, kalamu yako, na mdomo wako. Mimi nina mzani wangu nyumbani, fundi, najua mzani unavyofundishwa kusema."

Issa hakuweza kujizuia. "Mzee, huo mzani ndo ule ule wa karoti?"

"Wewe ziba tairi lako."

Zuhura akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Baba Glory, makopo mawili ni elfu sabini na sita, na kazi elfu thelathini. Kama hela hauna leo, utaleta. Ila mteremko wa Mombo na haya mafuta, utakanyaga breki, yatachemka, na pedeli itaingia ndani kama unakanyaga godoro."

"Unanitisha?"

"Nakwambia."

"Baba yako hajambo?"

Swali lilitoka tu, halikuitwa. Zuhura akaanza kukusanya spana zake.

"Hajambo. Yuko shamba. Hajui kama uko hapa." Akageuka. "Issa, umesikia? Nimemwambia abadilishe mafuta ya breki, amekataa. Mimi na wewe tumekuwa hapa."

"Nimesikia, dada."

Kuwekewa shahidi kulimchoma Edgar kuliko bei. Shahidi anawekwa na mtu anayejua kuna jambo litatokea. Na mtu anajuaje jambo litatokea kama siye atakayelifanya? Akalipa ya oil na filta, laki tatu na elfu arobaini, akahesabu mara tatu, akabeba stuli yake na galoni lake, akaondoka. Njia nzima anaikanyaga breki kila baada ya hatua kumi. Inashika. Inashika vizuri tu. Ona sasa, akajisemea, alitaka kunila laki.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Dorkasi akaingizwa ndani ya Mjusi. Akaingizwa, maana kuingia mwenyewe hakuweza. Gari lilikuwa chini mno, ikabidi ashushwe kama gunia la mbegu.

"Hiki kiti kimevaa mfuko," akasema.

"Ni nailoni, mama. Ni jipya."

"Miaka mitatu ni jipya? Wewe ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa unachunga mbuzi."

Wakatoka. Kulikuwa na jua zuri, barabara kavu. Edgar gari la otomatiki aliliendesha kama punda, mguu kwenye breki muda wote, kona baada ya kona, kushoto ukuta wa jiwe, kulia vilele vya migomba ya watu wa chini. Kadiri walivyoshuka akasikia harufu, kama pasi iliyosahauliwa kwenye nguo.

"Kuna mtu anaunguza maharage," Bi Dorkasi akasema.

Walikuwa hawajafika Soni. Ikaja kona ya kulia, lori la mbao linapanda. Edgar akakanyaga. Mguu ukaenda. Ukaendelea kwenda. Ukafika chini kabisa, laini, hakuna kitu, na gari halina habari naye.

Hakupiga kelele. Alivuta gia chini, injini ikalia, akavuta hendibreki, akalielekeza gari ukutani upande wa mlima, likasugua tuta la udongo, likabomoa nyasi, likasimama likiwa limeinamisha pua kwenye mfereji. Lori likapita, dereva anawatumbulia macho.

Mama yake alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Tumefika?" akauliza.

"Bado, mama. Tumepumzika."

"Mbona umelia?"

"Sijalia. Ni jasho."

Na hofu ilipoanza kushuka, hasira ikapanda. Alisema pedeli itaingia ndani. Kama unakanyaga godoro. Maneno yale yale, kama mtu aliyekuwepo. Kafungua kitu. Mtoto wa Sharifu kafungua kitu, na mama yangu yumo ndani. Akatoa simu.

"Umefungua nini kwenye gari langu?"

"Mko wapi?" Zuhura akauliza.

"Nimekuuliza umefungua nini."

"Mmeumia? Bibi yumo?"

"Yumo. Hatujafika Soni."

"Usiliwashe. Nakuja."

Anakuja kufuta ushahidi, Edgar akawaza. Akachukua tochi ya simu, akalala kifudifudi barabarani na suruali yake ya kwendea hospitali. Zile nati ndogo za breki, nyuma ya kila gurudumu, alizipaka zote nne. Ya kwanza: rangi imebabuka kwa joto, lakini haijapasuka. Ya pili: nzima. Akatambaa upande wa pili. Nzima. Nzima. Akarudia tena, kwa nyuma, kama chenji. Mipira, viungio, vyote vina kucha zake. Iliyopasuka ilikuwa moja tu, ya oil, na hiyo aliifungua mbele ya macho yake.

Akabaki amelala pale. Hakuna mkono uliogusa. Basi kama hakuna mkono uliogusa, breki zimekwenda wapi?

*

Zuhura alifika na bodaboda ya Issa, mkoba wa spana mgongoni. Kwanza akaenda kwa bibi, akapiga magoti kwenye nyasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mtoto wangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea, bibi. Amekataa dawa tu."

Edgar akasimama, udongo kifuani. "Nimeangalia nati zote," akasema, sauti imepungua. "Haukufungua. Lakini maji yameingia vipi kwenye mafuta? Hilo haliniingii. Nionyeshe. Na nitashika mimi."

Pembeni ya ile kona alikuwepo Mwanahamisi, muuza mahindi ya kuchemsha, ameshaacha sufuria yake na kuja kuangalia. Zuhura akamwomba chupa mbili tupu za maji, akazikata midomo, akatia maji nusu nusu. Kwenye moja Mwanahamisi akamimina mafuta yake ya kupikia. Yakapanda juu, yakakaa, njano, kama yanavyokaa siku zote.

"Haya sawa," Edgar akasema. "Haya nayajua."

Zuhura akamtolea makopo mapya ya breki, yamefungwa. "Chagua. Yapo mawili."

Edgar akachukua lile ambalo halikuwa karibu na mkono wa binti. Akavunja mfuniko mwenyewe, akamimina mwenyewe. Yakaingia kwenye maji, yakachora kamoshi kidogo, yakapotea.

"Subiri," Edgar akasema.

Wakasubiri. Issa akaegemea pikipiki. Mwanahamisi akainama mpaka pua ikakaribia chupa. Edgar akaitikisa, akaiweka chini, akangoja yapande. Hayakupanda. Akaiinua kwenye jua akatafuta mstari, hata mwembamba, hata wa uwongo. Hakuna mstari. Maji tu.

"Yamekwenda wapi?" Bi Dorkasi akauliza kutoka garini, jicho lake halifiki.

"Yamo humo humo, mama. Yamechanganyika."

"Mafuta na mazi?" Bibi alishangaa mpaka maji akayaita kwa Kishambaa.

"Siyo mafuta," Edgar akasema polepole, kama mtu anayejisomea barua mbaya. Akamgeukia Zuhura. "Haya si mafuta. Sasa nani aliyeyaita mafuta?"

"Sijui, baba. Nimeyakuta na jina hilo."

Edgar akaitazama ile chupa. Miaka yote hii ameogopa watu, kumbe neno lenyewe ndo lilikuwa linamdanganya, na limemdanganya bure, bila faida ya mtu. Hakujua amkasirikie nani. Ile ilikuwa hasira mpya kwake, hasira isiyo na mwizi.

"Na mle ndani yakipata moto, yale maji yanachemka," Zuhura akasema. "Yanakuwa mvuke. Mvuke unaukanyaga, unabonyea. Gari likipoa, breki inarudi. Jaribu sasa hivi, utaikuta."

Akajaribu. Ilikuwepo, imara, kama haijawahi kumtupa. Ilimwogopesha zaidi kuliko ingekosekana.

"Saa ngapi daktari anafunga?" Zuhura akauliza.

"Saa saba."

"Tunawahi. Ila kazi hii ni ya watu wawili. Mimi nipo chini kwenye gurudumu, wewe kwenye pedeli. Nikisema kanyaga, unakanyaga. Nikisema shikilia, unashikilia, hata nikichelewa. Ukiachia kabla sijafunga, upepo unaingia, tunaanza upya. Huku hautaona ninachofanya, na mimi sikuoni."

Bibi akatolewa, akakalishwa kwenye kiti cha Mwanahamisi na hindi mkononi. Edgar, Issa na Zuhura wakalisukuma gari nyuma, likatoka mferejini. Edgar akaingia, akafunga mkanda bila sababu. Kutoka pale alipokaa hakuona kitu, tairi wala mkono.

"Kanyaga."

Akakanyaga.

"Shikilia."

Pedeli ikazama chini ya mguu wake, polepole, ile ile ya kwenye kona. "Inakwenda," akasema.

"Shikilia."

"Zuhura, inakwenda chini."

"Najua. Nimeifungua mimi. Shikilia hapo hapo."

Akashikilia. Jasho likamtoka kwenye nailoni. Alitaka kutoka akaangalie, mguu ukataka kuinuka wenyewe, na akaubana kwa mkono, goti lake mwenyewe, kama anamzuia mbuzi.

"Nimefunga. Achia."

Gurudumu la kwanza mara nane, la pili mara saba. Kwenye la tatu aliacha kuuliza. Kwenye la nne alikuwa anakanyaga kabla sauti haijaisha, na pedeli ikaanza kusimama juu, fupi, ngumu, kama jiwe la kizingiti. Hakuna aliyemwambia. Aliisikia kwa unyayo.

Zuhura akatoka chini, nywele zina nyasi. "Literemshe kwa gia ndogo," akasema. "Breki unaigusa, unaacha. Usiilalie."

"Nitafanya hivyo." Akatoa laki moja na elfu sita, akampa. Kisha akaliona kopo la pili barabarani, limebaki karibu nusu. "Na hili?"

"La kumwaga. Likishafunguliwa na lenyewe linaanza kunywa hewa. Mwezi ujao halifai."

Edgar akalishika. Akalitikisa, akasikia linavyocheza ndani, karibu elfu ishirini ya kwake. Akamtazama Zuhura, akatazama mkoba wake wa spana, ulivyo mkubwa, unavyoweza kumeza kopo. Mdomo ukafunguka.

"Edgari," mama yake akaita, amesimama tayari na hindi lake. "Daktari hanisubiri."

Akafunga mdomo. Akampa Zuhura lile kopo.

"Mwaga wewe," akasema. "Mimi nisione."

Akamshusha mama yake kwenye kiti cha nailoni, akawasha gari, akaingiza gia ndogo. Kwenye kona ya kwanza aligusa breki, ikashika. Kioo cha nyuma kilikuwa pale pale, ungeinua jicho tu ungemwona binti yule kasimama na kopo mkononi anafanya nini. Edgar akakipinda juu kwa kidole, kikabaki kinaangalia paa, akashuka na gari kwenda Soni.